Diski kubwa haitoi picha kali: nini hubanwa ndani ya gemu, na nini hupotea

Swali: Habari mtaalamu. Mimi na binamu yangu tumebishana mpaka tumechoka. Yeye anasema gemu ya PS3 lazima iwe na picha kali kuliko gemu hiyohiyo kwenye Xbox 360, kwa sababu Blu-ray inabeba GB 50 na DVD haifiki hata GB 9, kwa hiyo kwenye 360 kila kitu kimebanwa mpaka kimeharibika. Anasema hata leo gemu ya GB 150 ni bora kuliko ya GB 40. Nahisi kuna mahali anakosea lakini sijui ni wapi. Halafu, ukipakua gemu badala ya kununua diski, ubora unapungua?

Jibu: Ndugu msomaji, hisia zako ni sahihi, ila binamu yako naye hajakosea kila kitu. Ana hoja moja ya kweli, kisha ameibebesha nyingine mbili zisizo za kweli. Ni kweli kwamba DVD ya 360 ilikuwa ndogo, na kuna vitu vilibanwa kwa ajili yake hadi jicho likaona. Lakini picha unayoiona unapocheza haitoki kwenye diski kama filamu inavyotoka. Inachorwa upya mara 30 au 60 kila sekunde na chipu ya grafiki, kwa malighafi ambayo imeshapakiwa kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya konsoli. Diski ina kazi mbili tu: kutunza malighafi hiyo, na kuifikisha kwenye RAM kwa wakati. Ukubwa wake unahusu kazi ya kwanza, kasi yake inahusu ya pili. Idadi ya pikseli, ulaini wa kingo, vivuli, fremu kwa sekunde, hayo yote ni mambo ya chipu na RAM. Hata ungeipa 360 diski ya GB 500, isingeongeza pikseli moja.

Kuna mfano ambao binamu yako hataupenda. Resident Evil 4 ilitoka Januari 2005 kwenye GameCube ya Nintendo, konsoli iliyotumia vidiski vya sentimita 8 vyenye takriban GB 1.5. Gemu haikuenea, ikagawanywa kwenye vidiski viwili. Oktoba mwaka huohuo ikaja kwenye PlayStation 2, safari hii kwenye DVD moja yenye nafasi ya kutosha. Kwa hesabu ya binamu yako, PS2 ilipaswa kushinda. Badala yake maumbo yalipunguzwa, mwanga ukarahisishwa, na zile sehemu za hadithi ambazo GameCube ilizichora papo hapo zikarekodiwa mapema na kuwekwa kwenye DVD kama video, kwa kuwa chipu ya PS2 ilikuwa nyuma. Nafasi ya ziada ilipatikana kweli, ikaenda kuficha udhaifu wa mashine. Ndiyo maana mtu akinitajia GB za gemu peke yake huwa namuuliza: za nini?

Mara nyingi jibu huwa ni video. Video zilizorekodiwa ndizo zinazokula nafasi kuliko kitu kingine, na hapo ndipo binamu yako anaposimama kwenye ardhi imara. Final Fantasy XIII ilifika nje ya Japani Machi 2010 kwenye konsoli zote mbili. PS3 ilipewa Blu-ray moja, video zake zikiwa za 1080p. Xbox 360 ilipewa DVD tatu, na hata hizo tatu hazikutosha kuziacha video zilivyo, ikabidi zibanwe zaidi. Programu ya kubana video hutafuta mahali ambapo jicho halijali sana, hasa kwenye giza na kwenye miendo ya haraka, na huko ndiko inakopunguza taarifa. Ikipunguza kiasi, huoni kitu. Ikilazimishwa kupunguza kupita kiasi, anga la usiku linageuka vigae, moshi unakuwa na ngazi ngazi, na cheche zinaacha vumbi la viboksi nyuma yake. Ukizitazama video za matoleo hayo mawili bega kwa bega, tofauti utaiona, na lawama ni ya DVD kabisa.

Ila kesi hiyohiyo ina mtego ambao umewanasa wengi. Ukitoka kwenye video na kushika padi mwenyewe, toleo la 360 bado linaonekana limefifia. Watu wakahitimisha kwamba ni DVD ileile. Hapana. Unapocheza, PS3 ilichora picha ya pikseli 1280 kwa 720, na 360 ikachora 1024 kwa 576 kisha ikaivuta ienee kioo. Gemu hiyo ilitangazwa mwaka 2006 ikiwa ya PS3, na toleo la 360 likatangazwa 2008, wakati kazi imeshajengwa juu ya mashine nyingine. Yaani gemu moja, konsoli moja, ukungu wa aina mbili kwenye kioo kimoja, na kila ukungu una chanzo chake.

Sauti nayo inakula, tena kimyakimya. Chukua mazungumzo ya njia moja tu, sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 16, bila kubanwa. Hayo ni takriban MB 345 kwa saa. Gemu yenye saa 20 za mazungumzo kwa lugha tano inafika karibu GB 35 kabla hujaweka hata jiwe moja la ukuta. Kwenye Blu-ray lugha nyingi zingeweza kukaa pamoja. Kwenye DVD ilibidi zibanwe, au zigawanywe kwa matoleo ya masoko mbalimbali. Hapa sioni msiba wowote. Sauti ya mtu ikibanwa vizuri, kwenye spika za televisheni hakuna atakayetambua. Na kuna wakati sauti huachwa bila kubanwa kwa sababu ambayo haihusu ubora hata kidogo: Titanfall ya mwaka 2014, kwa upande wa kompyuta, ilichukua GB 48, na GB 35 kati ya hizo zilikuwa sauti tupu. Watengenezaji walieleza kwamba kufungua sauti iliyobanwa kungeelemea prosesa za kompyuta dhaifu. Mchezaji akalipa kwa nafasi ili prosesa ipumue.

Tuje kwenye tekstura, yaani zile picha zinazobandikwa juu ya maumbo: ngozi ya uso, plasta ya ukuta, nyasi, kutu. Hapa ndipo kauli ya "kwenye 360 kila kitu kimebanwa" inapovunjika kabisa, kwa sababu tekstura hubanwa kwenye konsoli zote, diski iwe kubwa au ndogo. Piga hesabu. Tekstura moja ya pikseli 4096 kwa 4096, yenye rangi tatu na uwazi, ikiachwa bila kubanwa inachukua MB 64. PS3 ilikuwa na MB 256 za RAM kuu na MB 256 nyingine za grafiki. Tekstura nne za namna hiyo na grafiki imejaa, hujaweka mhusika wala silaha. Kwa hiyo hutumika njia iliyoletwa na kampuni ya S3 mwishoni mwa miaka ya 1990: pikseli hugawanywa katika viboksi vya 4 kwa 4, na kila kiboksi huandikwa kwa baiti 8 au 16 tu. MB 64 zinakuwa 8 au 16. Uzuri wake ni kwamba chipu ya grafiki inaisoma ikiwa imebanwa hivyohivyo, haiifungui kwanza, kwa hiyo akiba inapatikana kwenye RAM na si kwenye diski peke yake. Kuna kinachopotea: mteremko laini wa rangi, kama anga la jioni, unaweza kutokea na mistari. Lakini upotevu huo ulikuwepo PS3 na 360 sawasawa. PS4 na Xbox One zilikuja na chipu zinazosoma njia mpya iitwayo BC7, ambayo kwa baiti 16 kwa kiboksi inahifadhi rangi vizuri zaidi. Picha iliboreka kwa sababu ubanaji uliboreka.

Je, diski ndogo haikuwahi kuumiza tekstura kabisa? Iliumiza, pale mtengenezaji alipokataa kurudia kitu. Rage ya id Software, 2011, ilijengwa kwa wazo kwamba kila kipande cha ardhi kiwe na picha yake ya pekee, jiwe hili lisifanane na lile. Ni wazo zuri sana kwa macho na baya sana kwa diski. Toleo la 360 lilihitaji DVD tatu, na kote kote tekstura zilibanwa kwa ukali, kwa njia ya jamii ya JPEG, kisha zikafunguliwa na kubanwa tena kwa njia ya viboksi wakati unacheza. Ukisimama mbali, mandhari inapendeza. Ukisogea hadi pua iguse ukuta, unaona uji. Mwaka huohuo ikatoka Skyrim ya Bethesda, dunia kubwa ya kutembea wiki nzima, ikakaa kwenye DVD moja bila hata kuijaza: toleo la 360 lilikuwa chini ya GB 4. Siri yake ni kurudia. Miamba ileile imegeuzwa, imezungushwa, imezikwa nusu. Nguzo zilezile zimejenga mapango mengi. Ukubwa wa dunia ya gemu na ukubwa wa diski havina undugu wa karibu kama watu wanavyodhani.

Ukitaka kuona ubanaji ulivyoweza kufika mbali, rudi nyuma kidogo hadi 1999. Resident Evil 2 ilikuwa na CD mbili kwenye PlayStation. Studio iitwayo Angel Studios iliihamishia kwenye Nintendo 64, kwenye katriji ya MB 64, na video zikiwemo. Zilikuwa na ukungu, ndiyo, lakini zilikuwepo, na hadithi haikukatwa. Miaka miwili kabla yake, katriji ndogo na ghali zilikuwa miongoni mwa sababu zilizofanya Final Fantasy VII iache Nintendo na kwenda PlayStation ikiwa na CD tatu. Tatizo lilikuwa lilelile, ila mmoja alihama na mwingine akabana.

Mpaka hapa nimesema ukubwa. Kasi ndiyo mada ambayo wabishi huiruka, na kwa maoni yangu ndiyo iliyoathiri gemu za kizazi kile kuliko GB zote. Kisomaji cha Blu-ray cha PS3 kilitoa takriban MB 9 kwa sekunde, mwendo uleule diski nzima. Kujaza MB 256 za RAM kuu kwa mwendo huo kungechukua karibu nusu dakika, bila kuhesabu muda wa lenzi kuhamahama. DVD ya 360 ilizungushwa kwa mwendo usiobadilika, kwa hiyo data iliyoandikwa ukingoni ilipita mbele ya lenzi haraka kuliko ya karibu na kitovu: hadi MB 16 hivi kwa sekunde huko nje, chini ya nusu ya hapo huko ndani. Watengenezaji walioijua kazi yao walipanga faili zinazohitajika haraka zikae ukingoni. Ghala la PS3 lilikuwa kubwa, mlango wake mwembamba.

Sony walikuwa na dawa: karibu kila PS3 iliuzwa na diski ngumu ndani, hivyo gemu iliweza kukulazimisha kusakinisha sehemu yake kabla ya kucheza. Devil May Cry 4, mwaka 2008, ilidai karibu GB 5 na dakika zipatazo 20 za kusubiri. Metal Gear Solid 4, iliyojaa kwenye Blu-ray ya tabaka mbili, ilisakinisha kila sura kivyake, ikakuacha unamtazama mhusika mkuu, Snake, akivuta sigara. Microsoft wao waliuza pia 360 zisizo na diski ngumu, kwa hiyo kwa kawaida gemu ilipaswa kuweza kuchezeka kutoka DVD peke yake. Novemba 2008 walileta sasisho lililomruhusu mwenye diski ngumu kunakili DVD nzima humo. Kwa gemu nyingi kusubiri kulipungua, na kelele za kisomaji zikaisha.

Lakini kusakinisha si baraka kila mara, na hapa kuna visa viwili ninavyovipenda kwa sababu vinapinga akili ya kawaida. Skyrim ilipotoka, wenye 360 walioisakinisha kwenye diski ngumu waliona tekstura zenye ukungu kuliko waliocheza moja kwa moja kutoka DVD. Ilikuwa hitilafu ya programu, na sasisho likaiondoa. Kisha 2013 Grand Theft Auto V ikaja kwenye 360 ikiwa na diski mbili, ya kwanza ya kusakinisha na ya pili ya kuchezea. Gemu iliundwa isome kutoka sehemu mbili kwa pamoja, nusu kwenye diski ngumu na nusu kwenye DVD, ili mji uwahi kujengeka mbele ya gari lako. Aliyejifanya mjanja akasakinisha na ile ya pili alirundika kazi yote kwenye njia moja, na barabara zikaanza kuchelewa kuvaa picha zao. Rockstar wenyewe, watengenezaji wa gemu hiyo, walishauri diski ya pili isisakinishwe.

Sasa uone jinsi kubana kunavyoingia hapa, maana binamu yako amekigeuza kuwa adui kitu ambacho mara nyingi ni mwokozi. Kuna kubana kunakotupa kitu, kama kwa video, sauti na tekstura. Na kuna kubana kusikopoteza hata biti moja, kama faili la zip: ukilifungua unapata kilekile ulichoweka. Data za gemu nyingi hubanwa kwa njia hii ya pili juu ya ile ya kwanza. Kisomaji kikitoa MB 9 kwa sekunde na data imebanwa hadi nusu, RAM inapokea MB 18 kwa sekunde, mradi prosesa iwahi kufungua. Gharama yake ni jasho la prosesa, ubora haujaguswa. Data ikifika mapema, mtengenezaji anathubutu kuweka tekstura nzito zaidi. Ndiyo kusema, kwenye konsoli yenye kisomaji cha polepole, gemu iliyobanwa vizuri inaweza kuonekana bora kuliko isiyobanwa.

Kuhusu ubishi wenu wenyewe wa PS3 na 360, kizazi kile kilijaa gemu ambazo Blu-ray haikuzisaidia chochote. Bayonetta ndiyo inayotajwa zaidi: kwenye PS3 ilikuwa na fremu chache kwa sekunde na kusubiri kwingi kiasi kwamba baadaye lilitolewa sasisho la kuruhusu kusakinisha. Nafasi ilikuwa tele. Kilichokosekana ni muda na ustadi wa kuihamishia kwenye mashine ngumu kuielewa, yenye RAM iliyogawanywa vipande viwili, wakati 360 ilikuwa na MB 512 za pamoja ambazo mtengenezaji aligawa apendavyo. Yapo pia magemu yaliyong'aa PS3, hasa yaliyotengenezwa kwa ajili yake tangu mwanzo. Huwezi kuyapanga makundi hayo mawili kwa kutazama GB.

Macho yako yanaweza kukuamulia bila mtaalamu, ukijua unatafuta nini. Vigae na viboksi vinavyoonekana wakati hadithi inajiendesha yenyewe, kisha vikatoweka ukirudishiwa padi, hiyo ni video iliyobanwa mno, na diski inahusika. Ukuta unaotokea na ukungu kisha baada ya sekunde mbili ukakaza, data imechelewa kufika: kasi ya diski au ya kisomaji. Ukuta unaobaki na ukungu hata ukisubiri, ama RAM haikutosha ama mchoraji aliamua hivyo. Kingo za meno meno kwenye nyaya na matawi ni uchache wa pikseli, kazi ya chipu. Kuganda kwa picha ukigeuka haraka kuna wazazi wengi, lakini diski ndogo si mmoja wao.

Twende leo. Swali la GB 150 dhidi ya GB 40 limebadilika sana tangu 2013, maana kuanzia PS4 na Xbox One diski haichezwi tena moja kwa moja: inanakiliwa kwenye diski ngumu, na ukiiweka tena ni kuthibitisha tu kwamba unaimiliki. Diski ngumu za PS4 zilitoa kati ya MB 50 na 100 kwa sekunde, lakini kichwa chake bado kilihama kimwili kutoka faili hadi faili, na kuhama ni kupoteza muda. Ili kukwepa hilo, faili moja huandikwa mahali pengi, karibu na majirani wake wa kila mtaa. Mark Cerny, msanifu mkuu wa PS5, alieleza Machi 2020 kwamba kwenye Spider-Man ya PS4 baadhi ya data zilirudiwa mara 400 kwenye diski ngumu. Ni kitu kilekile mara 400, na zote unazihesabu kama "GB za gemu".

PS5 ilipokuja na SSD, hifadhi ya chipu isiyozunguka, isomayo GB 5.5 kwa sekunde, sababu ya kurudia ikafa, kwa kuwa SSD haina kichwa cha kuhamisha. Tena PS5 ina kifaa ndani ya chipu kinachofungua data iliyobanwa kwa njia iitwayo Kraken, bila kuisumbua prosesa, na hapo mwendo unafika kwa kawaida GB 8 hadi 9 kwa sekunde. Xbox Series X nayo husoma GB 2.4 kwa sekunde, ambazo kwa kubanwa huhesabiwa kuwa 4.8. Zingatia kwamba wote wawili wanajivunia namba ya *baada ya kubana*.

Ushahidi mkali kabisa ulikuja mwishoni mwa 2025 kwenye toleo la kompyuta la Helldivers 2. Lilikuwa limefika takriban GB 154, kwa sababu watengenezaji walirudia data ili kuwasaidia wenye diski ngumu za kuzunguka. Walipoondoa marudio likashuka hadi GB 23 hivi. Tekstura zilezile, sauti zilezile, na wakagundua kwamba hata kwa wenye diski za kuzunguka muda wa kusubiri haukuongezeka sana. Mwonyeshe binamu yako hiyo, kisha mwulize toleo lipi lilikuwa bora.

Simkatalii kwamba kuna GB za haki. Tekstura zilizochorwa kwa televisheni za 4K ni nzito kweli, na gemu kama Red Dead Redemption 2 ilihitaji Blu-ray mbili kwa sababu ina vitu vingi visivyofanana, uhuishaji na mazungumzo yasiyohesabika. Ila kwa kutazama namba kwenye duka la mtandaoni huwezi kujua ni GB za kazi, za lugha usizozisikiliza, au za uvivu.

Kuhusu kupakua badala ya kununua diski: ubora haupungui. Kwa PS4, PS5 na Xbox za kuanzia 2013, gemu ikishasakinishwa na kusasishwa, chipu inasoma data zilezile, ziwe zilitoka kwenye diski au kwenye intaneti. Kupakua si kama kutazama filamu mtandaoni, ambako picha hushuka intaneti ikilegea. Hapa intaneti mbovu itakuchelewesha tu. Kinachofanana na filamu ni kucheza kwa kutiririsha, pale gemu inapoendeshwa kwenye seva ya mbali na wewe ukaletewa video yake. Huko kila fremu imebanwa, na vile vigae vya Final Fantasy XIII vinarudi.

Tofauti ya kweli ya diski leo ni nyingine. Diski mara nyingi hubeba toleo la siku ya kwanza, kwa hiyo asiye na intaneti anacheza gemu yenye makosa ambayo wenzake wameshasahihishiwa. Nintendo Switch ina mambo yake: husoma moja kwa moja kutoka kwenye katriji, na katriji hizo zilikuwa za GB 1 hadi 32. The Witcher 3 ilibanwa ikaenea kwenye ya GB 32 pamoja na nyongeza zake zote, na ulaini wa picha unaouona humo unatokana zaidi na chipu inayochora pikseli chache kuliko na katriji. Kwenye Switch 2, iliyotoka 2025, kuna kadi ambazo ndani hazina gemu bali ufunguo wa kuipakua. Tangazo lake huchapishwa mbele ya boksi kwa chini. Kwa hizo utahitaji intaneti mara ya kwanza na nafasi ya kutosha kwenye konsoli, na utalazimika kuiweka kadi kila unapocheza.